Namna ya Kunufaika na Maonyesho na Warsha za Tamasha la Filamu za Wanyamapori

Anayefika kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu za wanyamapori hukabidhiwa ratiba yenye mambo mengi kuliko saa za siku, na kwa kawaida huanza kutia alama kwenye filamu ambazo majina yake amekwisha kuyasikia. Naomba msomaji asianze hivyo. Filamu mashuhuri itaonyeshwa tena katika televisheni au mtandaoni, lakini mpiga picha aliyeirekodi, ambaye leo amesimama mbele ya watu hamsini na yuko tayari kueleza alivyokaa mafichoni wiki nzima bila kupata picha hata moja, si rahisi kumpata tena. Anza kwa kuchagua warsha, kisha utafute maonyesho yatakayokuwezesha kuyaona kwa macho yale uliyofundishwa. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya kijana wa Afrika Mashariki, awe mwongoza watalii, askari wa hifadhi, mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka au mpiga picha wa harusi anayetamani kuingia porini, aliyepata nafasi ya kuhudhuria tamasha la namna hii au kulifuatilia akiwa nyumbani.

Lijue tamasha kabla ya kulifunga safari

Matamasha haya hayafanani, na kila moja lina tabia iliyotokana na namna lilivyoanzishwa. Lile la Missoula, katika jimbo la Montana nchini Marekani, lilianzishwa mwaka 1977 na Charles Jonkel, mwanabiolojia wa dubu wa Chuo Kikuu cha Montana, ambaye nia yake ilikuwa kuona filamu za wanyama zikipimwa kwa usahihi wake wa kisayansi na si kwa uzuri wa picha peke yake. Asili hiyo bado inahisika: filamu huonyeshwa katika sinema ya Roxy katikati ya mji, na wakazi wa kawaida hukaa viti vya jirani na watafiti na waongozaji. Wildscreen, inayofanyika Bristol nchini Uingereza tangu mwaka 1982, ilianzishwa na Peter Scott na Christopher Parsons katika mji ambao BBC iliweka kitengo chake cha filamu za viumbe na mazingira mwaka 1957, na kwa sababu hiyo imekuwa mahali ambapo wenye stesheni za televisheni, watayarishaji na watoa fedha hukutana, na ambapo tuzo za Panda hutolewa. Jackson Wild, iliyoanza mwaka 1991 katika jimbo la Wyoming na kwa miaka mingi kufanyika katika hoteli iliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Grand Teton, nayo imeelekea zaidi kwenye shughuli za wale ambao tayari wamo katika kazi hii.

Kutokana na tofauti hizo, anayetaka kujifunza kutazama na kurekodi atafaidika zaidi na tamasha la aina ya Missoula, na anayekwenda kunadi kwa watoa fedha wazo la filamu lililokwisha kukomaa ndiye atakayeona thamani ya Bristol au Jackson. Kwa mtu wa Afrika, lipo pia kongamano la NEWF, shirika la watengenezaji filamu za viumbe na mazingira, katika KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ambalo limewalenga watengenezaji filamu wa bara hili na mafunzo yao. Kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia, kwa kuwa gharama ya safari ni ndogo zaidi na maswali yanayojadiliwa ni yetu.

Kuhusu viza, omba mapema kwa kadiri iwezekanavyo, na uwaombe waandaaji barua ya mwaliko inayotaja tarehe na warsha ulizojiandikisha. Asiyeweza kusafiri asikate tamaa, kwa maana tangu mwaka 2020 matamasha mengi yameongeza maonyesho na mazungumzo ya mtandaoni, na katika jambo moja nitakalolieleza mbele, anayetazama kwenye kompyuta ana nafasi bora kuliko aliyeketi ukumbini.

Unachobeba

Beba filamu fupi ya dakika mbili au tatu, iliyohifadhiwa ndani ya simu na pia katika flashi, ili uweze kuionyesha hata palipo na intaneti dhaifu. Iwe na tafsiri ya maandishi chini ya picha iwapo watu wanazungumza Kiswahili ndani yake, lakini usiondoe Kiswahili chenyewe. Beba pia ukurasa mmoja unaoeleza wazo lako: ni mnyama gani, yuko wapi, nini kinamtokea, ni nani anayemfahamu vizuri, na kwa nini ni wewe unayepaswa kulisimulia. Hilo la mwisho ndilo ambalo vijana wetu hulisahau. Mtu aliyekulia Ikoma au Loliondo, anayejua nyumbu huanza kuzaa lini katika nyanda za Ndutu na ni mvua ipi huwavuta, ana utajiri ambao mgeni hulazimika kuutafuta kwa fedha na miaka mingi, na hana sababu ya kuuficha kwa unyenyekevu.

Katika warsha

Warsha za kamera ndizo hujaa kwanza. Ukipata nafasi, usipoteze muda kuuliza bei za lenzi. Uliza namna mwalimu anavyoamua ni lini asibonyeze kitufe. Jambo la kiufundi linalostahili kueleweka mapema ni uhusiano wa idadi ya fremu, yaani picha moja moja zinazounda filamu, na mwendo wa polepole: filamu inayoonyeshwa kwa fremu 25 kwa sekunde, ikiwa imerekodiwa kwa fremu 100, itaenda polepole mara nne, kwa hiyo sekunde 5 za duma anayekimbia zitakuwa sekunde 20 kwenye pazia. Mbio za duma kwa kawaida hazifiki dakika moja. Hii ndiyo sababu mpiga picha huweka kamera kwenye mwendo huo kabla duma hajainuka, kwa kusoma masikio na mabega yake, na si baada ya kukurupuka. Mwongoza watalii wa Serengeti anayajua masikio hayo kuliko mwalimu yeyote. Kinachomkosekea ni mazoea ya kamera, na hayo hupatikana kwa mazoezi.

Zoezi ambalo walimu wengi hulitoa, na ambalo unaweza kulianza nyumbani hata kwa simu, ni la kujenga mfululizo. Mrekodi kuku na vifaranga wake uani kwa vipande vinavyotosha kumfanya mtazamaji aelewe tukio zima: picha ya mbali inayoonyesha mahali, ya kati inayomwonyesha mnyama akiwa na shughuli, ya karibu inayoonyesha jicho au ukucha, na picha ya kile anachokitazama. Anayerudi kutoka porini na simba mmoja aliyelala, aliyerekodiwa kwa dakika arobaini kutoka pembe ile ile, hana filamu. Mhariri hawezi kumsaidia. Kwa sababu hiyo nashauri kila mpiga picha ahudhurie angalau warsha moja ya uhariri, hata kama hana nia ya kuwa mhariri, maana hapo ndipo atakaposikia kwa mara ya kwanza yale anayolaumiwa akiwa hayupo.

Warsha ya sauti ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayoachwa na wengi. Lenzi ndefu inaweza kumleta simba aliye mita 200 hadi ukamwona nzi puani mwake, lakini kinasa sauti kilicho juu ya kamera hiyo kitasikia upepo, injini ya gari na kikohozi cha dereva. Kutokana na hali hiyo, sehemu kubwa ya sauti tunazozisikia katika filamu za wanyama, kama vile nyayo kwenye majani makavu, mbawa zinazopigwa au meno yanayovunja mfupa, hutengenezwa baadaye studioni na watu wanaotumia mikono yao, mchanga, ngozi na mboga. Warsha nzuri itakuruhusu ujaribu kazi hiyo mwenyewe. Itakufundisha pia kurekodi sauti ya mahali, yaani dakika mbili tatu za utulivu wa pale uliposimama: korongo la mto wakati wa alfajiri, mbuga kabla ya mvua, msitu wa Jozani, Zanzibar, mchana. Usiondoke mahali popote bila kuichukua sauti hiyo, kwa maana ndege wa Rungwe hawaimbi kama ndege wa Mkomazi, na mtazamaji aliyezaliwa huko atatambua mara moja kwamba umemwekea sauti za kwingine.

Sauti ina jambo jingine linalonigusa. Mwaka 1984, katika bustani ya wanyama ya Portland nchini Marekani, mtafiti Katy Payne alihisi hewani mtetemo karibu na tembo, na uchunguzi ukaonyesha kwamba tembo huitana kwa sauti nzito kiasi kwamba sikio la binadamu haliwezi kuzishika. Kisha yeye na Joyce Poole wakazichunguza sauti hizo kwa tembo wa Amboseli, nchini Kenya. Maana yake kwa mtengeneza filamu ni kwamba kundi la tembo analolionyesha likiwa kimya huenda linazungumza muda wote. Muulize mwalimu wa sauti angelifanyia nini jambo hilo. Jibu lake litakuonyesha kama ni fundi wa vifaa tu au ni mtu anayewafikiria wanyama.

Warsha za kunadi wazo hufanyika mbele ya watoa fedha, na muda huwa ni dakika chache tu. Anza na tukio, usianze na historia ya hifadhi wala na takwimu za kutoweka kwa viumbe. Taja mnyama mmoja, mahali pamoja na jambo moja ambalo halijaamuliwa bado. Sema wazi una kibali gani na mtafiti yupi amekubali kukusaidia, kwa kuwa wazo lisilo na kibali huonekana kama ndoto hata likiwa zuri. Hapa inafaa kukumbusha kwamba mengi yanayofundishwa ughaibuni kuhusu droni hayawezi kuhamishiwa kwetu moja kwa moja: Tanzania na Kenya huzidhibiti kupitia mamlaka zao za usafiri wa anga, na hairuhusiwi kuirusha hifadhini bila idhini. Kwa upande wa Tanzania, filamu huhitaji kibali cha Bodi ya Filamu pamoja na idhini ya mwenye eneo, ambaye ni TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) katika hifadhi za taifa, mamlaka ya Ngorongoro katika eneo lake, na TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori) katika mapori ya akiba. Nchini Kenya, mwenye hifadhi za taifa ni KWS, shirika la wanyamapori la nchi hiyo.

Namna ya kutazama onyesho

Sasa nifike kwenye maonyesho. Mtazamaji wa kawaida huketi akapokea hadithi. Mwanafunzi huketi akaichunguza, na sisi tuliokulia karibu na wanyama hawa tuna nyenzo za kuichunguza ambazo watu wengi ukumbini hawana.

Anza na utambulisho wa mnyama. Msimulizi atakwambia kwamba huyu ni simba jike mmoja, mama wa watoto watatu, na utamfuata kwa dakika hamsini ukimhurumia. Je, ni yeye kweli katika kila kipande? Watafiti wa simba wa Serengeti, ambao kazi yao ilianza na George Schaller mwaka 1966, huwatambua simba kwa mpangilio wa vitone vilivyo mashinani mwa masharubu, kwa mipasuko ya masikio na kwa makovu. Vitone hivyo havibadiliki. Tazama safu ya juu upande mmoja wa uso katika picha ya karibu ya mwanzo, na uitafute tena filamu itakapokaribia mwisho. Kwa pundamilia tumia michirizi ya begani, kwa twiga mabaka ya shingoni, kwa tembo pembe na kingo za masikio. Hapa ndipo anayetazama mtandaoni anapomzidi aliye ukumbini, kwa kuwa anaweza kuisimamisha picha na kuirudisha nyuma.

Kisha tazama vivuli na majani. Kivuli kirefu cha asubuhi kinachofuatwa na kivuli kifupi cha mchana, katika windo linalodaiwa kuchukua dakika mbili, kinakwambia kwamba vipande hivyo havikurekodiwa kwa wakati mmoja. Majani mabichi katika picha ya mbali na makavu katika picha ya karibu yanakwambia kwamba kati yake umepita msimu mzima. Mto ukiwa umejaa upande mmoja wa tukio na umepungua upande mwingine, nao una la kusema.

Naomba nisieleweke vibaya. Kuunganisha vipande vya nyakati mbalimbali ni sehemu halali ya ufundi huu, na bila hivyo filamu nyingi nzuri zisingekuwapo, kwa kuwa mpiga picha mmoja hawezi kuwa mbele na nyuma ya duma kwa wakati mmoja. Swali la kujiuliza ni kama muungano huo unasema kweli juu ya tabia ya mnyama. Duma wawili wakionyeshwa kama mmoja katika windo ambalo duma yeyote angelifanya hivyo hivyo, mtazamaji hajadanganywa juu ya duma. Lakini upo mfano mchungu ambao kila warsha ya maadili huutaja: filamu ya Disney iitwayo White Wilderness, ya mwaka 1958, iliyopata tuzo ya Oscar, iliwaonyesha lemingi, wanyama wadogo wa jamii ya panya wanaoishi nchi za baridi kali, wakijitupa majini kwa wingi kana kwamba wanajiua. Ilikuja kujulikana kwamba wanyama hao walinunuliwa, wakapelekwa Alberta nchini Kanada, mahali pasipo na bahari, na wakasukumwa majini na watu waliokuwa wakirekodi. Hadi leo wapo wanaoamini kwamba lemingi hujiua. Wanyama waliteswa, na watu wakaachiwa uongo uliodumu kuliko filamu yenyewe.

Kwetu tuna mfano wa upande wa pili, na ni vema uende nao. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Wajerumani wawili, walihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo waliyoipaka milia ya pundamilia, na filamu waliyoitengeneza kutokana na kazi hiyo ikapata Oscar mwaka 1960. Michael hakuiona siku hiyo, kwa kuwa ndege yake iligongana na tumbusi mnamo Januari 1959 naye akafariki akiwa na umri wa miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba yake alizikwa kando yake. Mimi huitazama filamu hiyo kwa heshima, na papo hapo huuliza Wamasai wanaoonekana ndani yake wangeisimulia vipi wao wenyewe. Maswali yote mawili, la ukweli juu ya wanyama na la haki juu ya watu wanaoishi nao, yanapaswa kukaa pamoja katika daftari lako.

Daftari hilo lisijazwe wakati filamu inaendelea. Andika neno moja moja gizani, kisha utoke nje na uandike kwa kirefu kabla ya kuzungumza na mtu yeyote, maana mazungumzo ya kwanza baada ya onyesho huyafuta yale uliyoyaona mwenyewe.

Kipindi cha maswali

Baada ya onyesho mwongozaji hupanda jukwaani, na hapo wengi huanza kwa hotuba ndefu ya pongezi. Salimia, taja jina lako na unakotoka, kisha uliza swali moja linaloweza kujibiwa. “Niliona majani ya kijani na majani makavu katika windo la tatu, mlirekodi kwa misimu mingapi?” ni swali bora kuliko “Mlipata changamoto gani?” Liulize kwa adabu na kwa sauti ya mtu anayejifunza, kwa sababu lengo si kumwaibisha mtu mbele za watu. Waongozaji wa kweli hulifurahia swali hilo, na mara nyingi watakutafuta nje ya ukumbi ili waendelee kulijibu. Iwapo unaona filamu imekosea kuhusu mahali unapopafahamu, kwa mfano imeliita pori la kijiji kuwa ni nyika isiyo na watu, mweleze mhusika faragha kwanza.

Baada ya kurudi

Katika wiki ya kwanza waandikie watu uliokutana nao, kila mmoja kwa jambo mahususi mlilozungumza, na uwatumie kile ulichowaahidi. Kisha andaa onyesho lako mwenyewe kijijini, hata kama una filamu moja tu ya dakika kumi, na uliambatanishe na warsha ndogo kwa vijana wa hapo.

Omba ruhusa kwa mwenye haki ya filamu iwapo si yako, na umwarifu mwenyekiti wa kijiji mapema. Subiri hadi saa moja na nusu usiku, giza likolee, kwa kuwa projekta ndogo haishindani na mwanga wa jioni. Jenereta liwe mbali, nyuma ya nyumba na upande upepo unakoelekea, ili lisimeze sauti uliyoihangaikia. Shuka jeupe livutwe pande zote nne, na chini pafungwe kwa mawe. Watoto hukaa mbele, na wazee wapatiwe viti.

Fikiria pia utaonyesha nini. Mahali ambapo tembo wamekula mahindi ya msimu mzima, au wameua mtu, usianze na filamu inayowaonyesha tembo kuwa viumbe wapole wasio na hatia. Utawaumiza wenyeji wako, na hawatakusikiliza tena. Anza na filamu inayoyaonyesha mashamba, uzio wa mizinga ya nyuki unaowazuia tembo na usiku wa kulinda, kisha waache waseme. Chukua kinasa sauti ulichojifunza kukitumia, uwaombe idhini, uwarekodi. Asubuhi inayofuata wakusanye vijana wachache wenye simu, wapeleke kwenye zizi au kisimani, na uwape zoezi lile la kuku na vifaranga.